Puukko ya Finland: kwa nini moja euro 35 na nyingine 300, na ipi nimletee baba mkwe?

Msafiri Mdogo
Wakuu salama? Mwezi ujao naenda Helsinki kikazi na nitabaki na wikiendi moja ya kuzurura. Baba mkwe kasikia tu naenda Finland kaniagiza kitu kimoja, puukko, kile kisu chao cha asili cha kuvaa mkandani. Mzee ni mtu wa ng'ombe na shamba huko Iringa, visu anavijua. Sasa nimechungulia bei mtandaoni nimechoka kabisa. Kisu chenye bapa la sentimita kumi, mpini wa mti, ala ya ngozi, euro 35. Kingine bapa sentimita kumi, mpini wa mti, ala ya ngozi, euro 300 na ushee. Nikiweka picha pamoja mi sioni kitu. Naomba kujuzwa hiyo tofauti ni ya nini, na je ninunue hapo hapo Helsinki au lazima nipande huko juu Lapland? Wenye uzoefu mshuke.

Mchokozi
Uzi wa wenye pasipoti huu. Nakaa pembeni na karanga zangu.

Chuma_Moto
Mkuu ni mkono na mashine, hamna siri hapo. Ya 35 bapa limetoka kiwandani kwa mamia, ya 300 kuna mhunzi kakaa na moto na nyundo, kachovya, kanoa, kagonga alama yake kwenye bapa. Mimi ni fundi wa vyuma, nikupe njia ya kutazama: shika kisu mgongo uangalie juu, fumba jicho moja. Kilichofuliwa mara nyingi mgongo ni mnene karibu na mpini halafu unapungua taratibu mpaka kwenye ncha. Kilichokatwa kwenye bati la chuma kina unene mmoja karibu safari nzima. Halafu angalia pale bapa linapoingia kwenye ile pete ya shaba ya mpini, kama kuna mwanya unaoweza kupitisha ukucha au gundi imevimba, rudisha.

Mla Bata
Nunua Mora acha kujitesa, ndiyo puukko orijino, bei poa, kila mtu anaisifia YouTube.

Nesi wa Oulu
@Mla Bata Mora ni Sweden. Kisu kizuri lakini ukimpelekea baba mkwe ukamwambia ni cha Finland halafu agugo jina, shauri yako.

@Msafiri Mdogo mi nipo huku, nafanya kazi nyumba ya wazee. @Chuma_Moto amesema kweli nusu. Bapa lenyewe mafundi wengi hawafui, wanalinunua tayari halafu wanatengeneza mpini na ala, na bado kisu kinauzwa hela ndefu. Kwa hiyo pesa nyingi iko kwenye mpini. Kuna mti wao wa birchi unaitwa visakoivu, ndani una mabaka na mawimbi ya kahawia yaani hamna mipini miwili inayofanana, ule mti haupatikani kirahisi na unakua polepole. Kuna mipini ya tuohi, hiyo ni magome ya birchi yamekatwa vipande vidogo yakapangwa moja juu ya jingine mpaka yakajaa urefu wa mpini, yakabanwa, ndo yakachongwa. Ukikishika utadhani ni ngozi laini, na hata mkono ukiwa na maji hakitelezi, na wakati wa baridi ya hasi ishirini hakikuumizi kiganja kama chuma. Kuna na pembe za renidia, wale wanyama wa baridi kama paa wanaofugwa huku. Babu mmoja hapa kazini ana cha tuohi alichopewa akiwa kijana, mpini umeshaingia umbo la vidole vyake, hataki mtu akiguse, kukifuta vumbi anafuta mwenyewe.

Mpemba Halisi
Nyie mwasumbuana bure. Bei ile ni utalii tu, kama jambia la Muscat, duka la hotelini bei yake na duka la ndani ya soko Mutrah bei yake. Mwende duka lililo karibu na yule Santa Klosi wao muone.

Bwana Forodha
Nyote mnasahau kodi. Finland VAT 24% ndani ya bei tayari. Ondoa hiyo, ondoa mshahara wa fundi wa huko ambaye saa yake moja ni sawa na wiki ya fundi wetu, ondoa pango la duka la katikati ya mji. Mbona kisu chenyewe kinabaki rahisi tu.

Nesi wa Oulu
Ni 25.5% mkuu, walipandisha Septemba 2024. Tunaoishi huku tuliisikia vizuri.

Bwana Forodha
@Nesi wa Oulu basi ndo inazidi kuwa nzuri kwa mleta mada, maana yeye si mkazi wa Umoja wa Ulaya anarudishiwa sehemu yake. Sikiliza Msafiri: ukinunua kwenye duka lenye huduma ya tax free, risiti iwe euro 40 au zaidi, omba fomu pale pale kaunta, uwe na pasipoti. Uwanja wa ndege unaenda kugongewa muhuri kwenye fomu, na kitu wanaweza kutaka kukiona, kipya, hakijatumika. Sasa hapa ndo watu wanapigwa chenga: kisu hakiingii na wewe ndani ya ndege, lazima kiwe kwenye begi la kukabidhi. Kwa hiyo ukikabidhi begi kwanza halafu ndo ukumbuke fomu, kitu kipo kwenye mkanda kinaelekea chini ya ndege na wewe umebaki na karatasi. Fomu kwanza, begi baadaye. Na kama ndege yako inapitia nchi nyingine ya Ulaya kabla ya kutoka, uliza dukani mapema wanagonga wapi.

Mchokozi
Na mwenye begi la mkononi tu?

Bwana Forodha
Huyo anaacha kisu kwa askari wa mashine pale.

Msee wa Mtwapa
Sasa mimi nataka kuuliza hawa mafundi. Brathe alinitumia puukko kutoka Helsinki, si ile ya bei rahisi sana, ya kati. Kwanza ilikata vizuri mbaya, nyama, kamba, maembe, kila kitu. Halafu baada ya muda nikaona vidoti vya kahawia kwa bapa, baadaye makali yakaanza kutoka vipande vidogo vidogo kama meno ya panya. Duka alilonunua likasema hawana makosa. Hii ni feki ama ni vile Wafini hawajui joto la Coast?

Mpemba Halisi
Feki hiyo. Nilisema.

Chuma_Moto
Si lazima feki. Kuna puukko nyingi za chuma cha kaboni, si stenlesi, na wanaopenda visu ndo wanachokitaka maana kinashika makali na kunoleka ni rahisi. Lakini ukikata embe au limau ukakiacha na maji yake, kwa hewa ya chumvi ya Mtwapa, jioni tu unaona madoa. Kikaushe, kipake mafuta kidogo ya kula, na USIKIHIFADHI ndani ya ala ya ngozi muda mrefu, ngozi inanyonya unyevu na kuubana kwenye bapa. Wafini wenyewe wana unyevu wa kutosha, wanajua.

Binti Pangani
Hayo meno ya panya ni mifupa. Kaka umevunjia mifupa ya mbuzi sema ukweli 😂

Msee wa Mtwapa
Mbavu tu bana. Na ni mara moja moja.

Binti Pangani
Haya.

Nesi wa Oulu
Puukko si panga jamani. Ukiangalia bapa lake pembeni, kuna ule mteremko mpana umeanzia karibu katikati ya bapa unashuka moja kwa moja hadi kwenye makali, hamna mteremko mwingine mdogo wa pili kama kisu cha jikoni. Ndo maana kinachonga mti kama siagi, lakini makali yenyewe ni membamba sana, mfupa unayavunja. Kazi ya kuvunja huku Lapland wana leuku, kisu kikubwa cha Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini, bapa refu kabisa, hicho kinakata matawi na mifupa. Mfugaji wa renidia anavaa vyote viwili.

Chuma_Moto
@Msee wa Mtwapa na ulikinoa wapi?

Msee wa Mtwapa
Kuna mzee hupita na baiskeli mtaani, ananoa kila kitu.

Chuma_Moto
Basi nimemaliza. Ile baiskeli ikishachangamka jiwe linatoa cheche, makali yanapata moto mpaka yanabadilika rangi, ukiona ubluu pembeni ya makali ujue ule ugumu aliouweka fundi umekwisha. Halafu mzee wa baiskeli anaweka mteremko mdogo kwenye makali, ule mpana hana habari nao. Puukko unalaza ule mteremko wote kwenye jiwe bapa lenye maji, unasukuma taratibu, hata mtoto anaweza maana mteremko wenyewe unakuongoza.

Binti Pangani
Lakini kama makali yalilainika si yangepinda badala ya kumeguka? Mi bado nasimama na mifupa.

Chuma_Moto
@Binti Pangani inategemea yalimeguka kabla au baada ya baiskeli. Aseme.

Msee wa Mtwapa
Sikumbuki 😅

Kijogoo
Tunarudi kwenye mada. @Msafiri Mdogo chukua Marttiini usiumize kichwa, ndo kampuni kongwe kuliko zote Finland na wapo Rovaniemi, duka lao liko kwenye kiwanda cha zamani, na Helsinki wana duka pia. Bapa nyingi za kwao ni stenlesi, mzee wa Iringa hatakusumbua na habari za kutu.

Mwalimu Mstaafu
Ushauri mzuri ila historia irekebishwe. Marttiini ilianzishwa na Janne Marttiini mwaka 1928. Iisakki Järvenpää wa Kauhava ameanza 1879, hao ndio wenye ile puukko ya kichwa cha farasi cha shaba mwisho wa mpini. Na ukitaka ukongwe hasa, Fiskars ni 1649, ingawa wakati huo kilikuwa kiwanda cha kufua chuma kwa ujumla. Na kwa faida ya wavuvi waliomo humu, Marttiini ilishanunuliwa na Rapala, wale wa chambo za samaki, mwaka 2005.

Kijogoo
Mwalimu ametoka na chaki yake.

Mpemba Halisi
Rapala wana kisu cha kupasulia samaki chembamba chapinda hivi, hicho nakijua, wapiga mbizi na watu wa mashua za wageni wanacho. Kumbe ndugu moja na hizo puukko.

Msafiri Mdogo
Asanteni sana. Sasa hiyo ya kichwa cha farasi imenivutia, mzee ataipenda. Kauhava ni mbali?

Nesi wa Oulu
Ipo Ostrobothnia, magharibi, treni ya Helsinki kuja Oulu inapita hapo, saa tatu na kitu. Mji mdogo, umekaa kivisu visu, kila mwaka majira ya joto wana tamasha la puukko. Kwa wikiendi moja inawezekana ukiamka mapema, lakini angalia saa za kufungua, Jumapili huku sehemu nyingi unakuta mlango umefungwa. Rovaniemi ni treni ya usiku, safari ya kama masaa kumi na mawili, utalala humo.
Ila kwa shamba mi ningemnunulia ya kawaida. Ya farasi ni ya heshima zaidi, mtu anapewa akistaafu au akitimiza miaka hamsini, ofisini wanachanga, wanamwandikia jina kwenye bapa.

Mwalimu Mstaafu
Na isisahaulike mkoa wa Kainuu. Puukko iitwayo Tommi ni ya huko, mhunzi Kalle Keränen wa Hyrynsalmi alienda kujifunza Fiskars karne ya 19, akarudi kwao na ujuzi. Ni puukko ya kazi, haina mbwembwe.

Kijogoo
Huko Kauhava si ndo palikuwa na wale wahuni wa visu enzi hizo?

Mwalimu Mstaafu
Naam, eneo hilo la Ostrobothnia ya kusini, Härmä na vitongoji vyake, karne ya 19. Harusi ilikuwa haimaliziki salama. Mpaka leo wenyeji wanalitania jambo hilo, lakini sheria haitanii. Sheria yao ya utulivu wa umma ya 2003 inakataza kutembea na kisu hadharani bila sababu ya kikazi au nyingine inayokubalika.

Msafiri Mdogo
Kwa hiyo hata kutoka dukani kwenda hotelini?

Nesi wa Oulu
Kipo kwenye boksi, na risiti, ndani ya mfuko, hamna atakayekusumbua. Usikivae tu mkandani ukaingia nacho baa za mtaa wa Kallio hapo Helsinki saa sita usiku. Mvuvi, mwindaji, mchuma uyoga porini, hao wanavaa bila shida.

Lindi Moja
Huu uzi umenikumbusha mbali. Miaka ya mradi wa maji wa Wafini huku Mtwara na Lindi, mjomba wangu alikuwa dereva wa gari la visima. Mzungu mmoja aliondoka akamwachia kisu cha mpini wa mti na ala ya ngozi nyeusi. Hatukujua kinaitwaje, sisi tulikiita kisu cha Finwota. Kimechinja kuku, kimechonga mipini ya majembe, kimekata kamba za korosho, sasa hivi bapa limeliwa na jiwe limebaki kama kidole cha mtoto ila linakata. Hapo nakataa ya feki na ya utalii, kile kilikuwa cha kawaida kabisa sidhani hata kilikuwa cha bei.

Mla Bata
Si ndo wakati Ahtisaari, yule aliyekuja kuwa rais wa Finland, alikuwa balozi wao hapa? Miaka ya sitini.

Mwalimu Mstaafu
Sabini. Alianza 1973, Dar es Salaam. Urais 1994, Nobel 2008.

Mchokozi
Mwalimu akilala anaota tarehe.

Binti Pangani
Hivi jamani hamna aliyeliona kubwa kuliko yote? KISU KWA BABA MKWE. Bibi yangu Tanga hata wa jikoni hakupi mkononi, anaweka mezani ndo unaokota, anasema mkipeana mtagombana. Huyu anavuka bahari kumletea mkwe kisu.

Kijogoo
Kaagiza mwenyewe lakini.

Nesi wa Oulu
Huku pia wapo wanaosema hivyo, anayepewa anatoa sarafu hata ndogo ili ionekane kakinunua. Ila wengi wanaona kumpa mtu puukko ni heshima kubwa.

Mpemba Halisi
Mzee atoe mia mbili yake mambo yaishe. Au akate mahari iliyobaki 😂

Msafiri Mdogo
@Mpemba Halisi mahari nimemaliza usiniletee mambo.
Sasa nipo kati ya mbili. Ya stenlesi ya kiwandani, au ya fundi yenye visakoivu. Na soko la mitumba vipi, nimesikia Hietalahti wanauza za zamani.

Chuma_Moto
Ya fundi. Mzee wa ng'ombe ataijua kwa mkono tu.

Lindi Moja
Ya kiwandani. Ya fundi ataifungia kabatini.

Nesi wa Oulu
Hietalahti ni bahati, siku nyingine unapata kisu cha marehemu wa watu kizuri kwa bei ya chakula cha mchana, siku nyingine ni vyuma chakavu tu. Cha zamani angalia kama bapa limeshaliwa sana, linganisha na ala, ala ikiwa ndefu kuliko bapa kwa vidole viwili ujue limekwisha. Na ala yenyewe ijaribu: puukko inazama mpaka zaidi ya nusu ya mpini, inashikwa na ngozi tu bila kifungo. Igeuze juu chini utikise. Ikidondoka achana nayo, kwenye pikipiki barabara ya Iringa mzee atakidondosha siku ya kwanza.
Na ukitaka bidhaa ya Wasami kweli, ile mipini ya pembe yenye michoro, tafuta alama ya Sámi Duodji. Kwa ya kawaida kuna kibendera cha bluu na nyeupe chenye picha ya ufunguo, hicho ni alama ya bidhaa za Finland.

Mpemba Halisi
Na kibendera nacho Mchina hashindwi kukichapa.

Chuma_Moto
@Mpemba Halisi ndo maana nikasema tazama mgongo na ile pete ya shaba.

Nesi wa Oulu
Mgongo haukuambii nchi mkuu. Hata ya 35 ya huku huku ina mgongo wa unene mmoja.

Bwana Forodha
Ndo nasema bei ni kodi na mishahara, mnazunguka tu.

Msee wa Mtwapa
Wadau, kabla hamjafunga, hii yangu ya meno ya panya inaokoleka ama nitupe?

Chuma_Moto
Usitupe. Jiwe la maji, lile la chenga kubwa kwanza, laza mteremko wote, sukuma pande zote mbili sawa mpaka meno yaishe, halafu hamia jiwe laini. Itakula jioni yako nzima.

Binti Pangani
Na mbuzi mpelekee panga.

Mchokozi
Mi karanga zimeisha. @Msafiri Mdogo kile cha Rapala cha samaki bei gani? Nina samaki aina ya changu hapa wanaozea kwenye friji sina cha kupasulia.